Jiwe la Pili

Anyieth alikuwa na mazoea ambayo wateja wa kibanda chake cha chai pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma walishachoka kuyacheka. Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu, alimimina kikombe kimoja na kukiweka mbele ya kigoda cha mumewe, Madut. Jioni alikimwaga, chai imefanya utando. Madut alirudi kwao Sudan Kusini nchi ilipopata uhuru, akasema atapiga simu akifika. Hakupiga. Mwaka 2013 ulipoingia, Anyieth alikuwa hata halii tena. Moyo umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Ndipo Kon, mdogo wake Madut, akaja na maneno ya ukoo. Wiki ijayo beberu angechinjwa, msiba umalizwe, na mjane aingie nyumbani kwa Kon kama desturi inavyotaka. Kilichobaki ni Anyieth kutamka mbele ya wazee kwamba mumewe hayupo tena. Anyieth akasema amesikia. Kusikia si kukubali, lakini Kon hakuwa mtu wa kutofautisha hayo.

Rafiki yake Namuria, Mturkana wa Lodwar, alimwonea huruma. Huyu Namuria ndiye aliyetuletea habari hii, na siku nyingine nusu ya maneno yake hatuyaamini, ila haya hakuyatia chumvi. Alimwambia mwenzake kwamba kaka yake, Ekuru, anapeleka unga Namoruputh, ng'ambo ya milima, kwa gari lake la milango minne, mvua imenyesha huko, milima imevaa kijani, twende ukapunge upepo, chai haitakimbia. Basi wakaenda, kaka na dada mbele, Anyieth peke yake kiti cha nyuma.

Na palipendeza, jamani. Barabara ilipanda ikijizungusha mlimani, mawingu yamekaa chini karibu uyashike, mbuzi kule bondeni wamekuwa punje za mchele. Namuria alishangilia kila kona. Anyieth aliviangalia vyote hivyo, akaona kwamba ni vizuri, asihisi kitu.

Kule juu, njia inapobanwa na majabali mawili, kuna lundo la mawe. Anayevuka sharti ashuke, aokote jiwe, aliweke pale na kutaja jina lake. Ekuru alieleza kwamba mlima hutaka kujua umepandwa na wangapi, na hao uliotajiwa ndio unaowateremsha. Mtu mmoja, jiwe moja. Ekuru akaweka lake. Namuria akaweka. Anyieth akaweka mawili.

Hakukusudia. Mkono uliozoea kumpimia mtu fungu lake hausubiri kuambiwa. Alitaja jina lake, na kabla hajafunga mdomo akawa ameshataja na la Madut.

"Dada, huyo yuko wapi?" Ekuru aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

Ekuru akarudi kwenye usukani. Akawasha gari.

Kona ya kwanza ya mteremko, kiti cha nyuma kilibonyea upande wa pili. Taratibu, vile mtu mrefu anavyokaa. Anyieth alitazama mbele. Kukanuka vumbi lililolowa. Kitu kikagusa goti lake, kikatulia hapo. Kilikuwa baridi. Mbele, Namuria alikuwa ameacha kuongea, na Namuria haachi kuongea.

Namoruputh walishusha unga, wakaingia hotelini kunywa chai. Mwenye hoteli alileta vikombe vinne bila kuulizwa. Wakatazamana. Ekuru akamnong'oneza Anyieth kwamba wakati wa kurudi aliondoe lile jiwe la pili, aseme huyu hayupo, alitupe bondeni.

"Usipoliondoa," akasema, "unakwenda naye."

Walifika tena kwenye lundo jua likiwaka. Jiwe lake alilijua, dogo, lina mchirizi mweupe. Mengine yote yalikuwa ya moto kwa jua. Lile lilikuwa baridi.

Huyu hayupo. Maneno mawili tu. Yale yale Kon aliyokuwa akiyangoja. Anyieth alilishika jiwe mpaka Ekuru akapiga honi. Kisha akalirudisha mahali pake, akaingia garini, akasogea kidogo ili kumwachia mtu nafasi.

Kwenye kizuizi cha kuingia Lodwar, polisi aliinamia dirisha, akasoma kibali cha Anyieth cha kutoka kambini, akamrudishia.

"Na huyo aliyelala? Mwamsheni."

Polisi akachungulia tena, sasa kwa makini. Alirudi nyuma. Akainua kizuizi mwenyewe na hakuwatazama wakipita.

Siku ya beberu, Kon alifika kibandani asubuhi kumchukua shemeji yake ampeleke kwa wazee. Chai ya Madut ilikuwa tayari mezani, inafuka moshi. Kon akavuta kile kigoda, akakaa. Akainuka papo hapo. Alijipapasa nyuma, suruali imelowa, imeshika tope jekundu, na Kakuma mvua ilikuwa haijanyesha. Alikitazama kigoda, kisha kikombe.

"Shemeji," akanong'ona, "mbona hukusema amerudi?"

"Hukuuliza."

Kon aliondoka bila kuaga. Habari za kurithi mke hakuzirudia tena, na beberu naye akanusurika.

Jioni Anyieth alichukua kikombe akamwage chai kama kawaida. Kilikuwa kitupu. Chini kulikuwa na jiwe dogo lenye mchirizi mweupe. Alilitoa, likamchoma vidole kwa baridi. Alingoja furaha imjie, au hata woga. Havikuja. Basi akaliweka jiwe kando, akasuuza kikombe, akamimina chai nyingine na kuiweka mbele ya kigoda. Safari hii hakuondoka. Alikaa akaitazama.

Ikaanza kupungua.