Simu Saba kwa Afisa Ajira

Kila alasiri akitoka shule, Bi Ndoto aliketi kizingitini na kuiacha akili yake itembee. Jina hilo alibandikwa na mama yake, maana binti huyo wa miaka kumi na miwili akiosha vyombo aliweza kushika sahani moja mpaka povu la sabuni likakauka. Siku hiyo ya Ijumaa manyunyu yalianguka bila sauti, na pazia lilikuwa likipumua taratibu dirishani.

Sebuleni, dada yake alikuwa amelala chali nyuma ya friji la jirani, akitafuta gesi inavujia wapi. Alikuwa na cheti cha ufundi wa majokofu, lakini kwa miezi minane sasa hakuwa na ajira.

"Mdogo wangu, mikono yangu ina mafuta. Chukua simu yangu, nisaidie kutuma ile barua ya maombi kwa afisa ajira wa kiwanda cha maziwa. Maombi yanafungwa leo. Ukishatuma, weka simu chini."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Usiniongezee chumvi."

Bi Ndoto akatuma barua pamoja na vyeti. Mara neno "anaandika" likatokea kwenye kioo cha simu, likapotea, kama samaki aliyechungulia juu ya maji. Papo hapo akamwona dada yake ndani ya ovaroli la buluu, akipita kati ya matangi meupe, mvuke wa baridi ukimzunguka miguuni. Picha ilikuwa tamu mno. Kwa nini isije upesi?

Akamwandikia afisa: "Mambo dada! Kazi ipo?" Kimya. "Mbona hujibu?" Kimya. Basi akambipu, kama alivyozoea kumbipu shangazi yake ili apigiwe. Akabipu mara saba.

Jibu likaja: "Nipo kwenye usaili, na simu yangu imelia mara saba. Fundi asiyeweza kusubiri dakika kumi, mitambo yangu ataisubirije?"

Ndoto ikakatika kama uzi. Kidole chake kikaelekea kwenye alama ya kufuta.

"Unafuta nini?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli unadondosha maji.

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu, na kidole kinakimbilia kufuta? Sema."

Akasema yote, machozi yakimtoka. Dada yake akainuka polepole kutoka nyuma ya friji, spana mkononi.

"Miezi minane," alisema. Maneno hayo mawili yakamchoma Bi Ndoto kuliko kofi.

"Utalia baadaye," mama alisema. "Sasa andika."

"Mama, bora niandike mimi," dada akasema.

"Wewe ulimwaga? Aliyemwaga ndiye apige deki."

Bi Ndoto akaandika: "Shikamoo. Mimi ni mdogo wake mwombaji, nina miaka kumi na miwili. Maneno yale na simu zile ni zangu. Dada alikuwa anatengeneza friji, hakujua. Naomba radhi kwa kukusumbua. Tafadhali isome barua yake. Ahsante."

"Sasa, mama?"

"Sasa unafunga simu, na mdomo pia."

Saa zilipita kama mawingu. Bi Ndoto alisikia kila tone la mvua, lakini simu hakuigusa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jibu likaingia: "Nimeisoma barua ya dada yako, ni nzuri. Aje Jumatatu na vyeti halisi. Nawe ahsante kwa kusema kweli."

Dada akajibu mwenyewe, mistari miwili tu: alishukuru, akathibitisha kwamba atafika. Jumatatu alirudi ananukia maziwa, akipeperusha barua ya ajira ya majaribio ya miezi mitatu.

"Nimepata!" alisema, akamkumbatia mdogo wake mpaka akakosa pumzi.

Mama aliwatazama kidogo, kisha akavuta kiti.

"Nisikilizeni. Afisa ajira ni mtu mwenye shughuli zake. Ukimwandikia, msalimie kwa adabu, jitambulishe, sema unaomba kazi gani, weka vyeti, shukuru. Kisha mwache apumue. Ukikosea, kiri kabla hujaulizwa." Akamgeukia mdogo. "Na wewe, ota tu mwanangu, sikukatazi. Ila usimburute mtu kwa nguvu aingie ndotoni mwako."