Mkanda wa Orlando

Habari za Mtwara nani anazijua kunishinda? Rafiki yangu Orlando wa Magomeni ya huku huku Mtwara alishukiwa kumuua mwenzake Pedro, aliyepotelea mto Ruvuma. Akapelekwa kwa mwanasaikolojia, Dada Gladness, apimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Akishindwa, kesi ya mauaji inamsubiri. Chumba hakina dirisha, na askari kafunga mlango kwa nje. Akavalishwa mkanda kifuani, kalamu ya mashine ikaanza kuchora pumzi zake kwenye karatasi.

"Ulimuua Pedro?"

"Sikumuua, dada'angu!"

Umeme ukakatika. Giza totoro.

"Tulia kaka, mashine ina betri." Gladness akapapasa, akamvua mkanda wakisubiri umeme, akauweka mezani.

Kalamu ikaendelea: kwaru... kwaru... taratibu.

"Dada, sasa inampima nani?"

Gladness akawasha tochi ya simu. Mkanda ulikuwa umesimama mezani, unatanuka na kusinyaa kama umevaliwa na mtu anayepumua.