Mpangaji wa Mti wa Kumi na Saba

Unga uliotoka kwenye shina la mti wa kumi na saba ulikuwa na joto. Mkaguzi wa miti alidhani ni jua, akajifuta kiganja kwenye suruali. Kisha akakumbuka kwamba mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Mtaa mzima ulimwita Mama Miti. Miti yenyewe ilikuwa thelathini, mikongwe kuliko nyumba zote, matawi yake yamekumbatiana juu ya barabara. Mbawakawa mgeni, aliyeingia na makasha ya mizigo, alikuwa ameanza kuitoboa. Mama Miti alitoboa kila shina kwa keekee, akapiga dawa kwa bomba la sindano, kisha akasikiliza kwa kipimo kama cha daktari. Mabuu yakiwa hai husikika yakitafuna, kama mtu anayekula njugu chumba cha pili. Miti ishirini na tisa ilikuwa ikipona. Wa kumi na saba ulikuwa umeoza ndani, na dawa yake ilikuwa moja: ukatwe, uchomwe, kabla wadudu hawajaota mbawa.

Alipoweka kipimo pale, kutafuna kukakoma. Akasikia pumzi. Halafu sauti ya upole, kama ya mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa: "Usinivunjie nyumba."

Hata hivyo, siku ileile aliandika amri ya kuukata.

Alikaa na dada yake, mshonaji mjane aliyemlea tangu mama yao afariki. Jioni hiyo alipofungua mlango alipokewa na harufu ya gome lililooza, na mlio wa cherehani ukienda bila kupumzika, na alipochungulia akamwona dada yake ameketi wima, macho yameganda ukutani, miguu inapiga kanyagio mbio kuliko mtu awezavyo, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa bila uzi wowote, na vidole vyake vikisogea, vikisogea, kuelekea kwenye ncha.

"Dada," alinong'ona.

"Dada yako yumo," ikajibu ile sauti ya mtini, ikitoka kinywani mwake. "Nimembana kidogo tu. Mti ukianguka nitataka nafasi yote."

Usiku kucha aliishika mikono ya dada yake. Asubuhi akamleta mganga, mwanamke mwenye kiofisi juu ya duka la viatu. Alifukiza, akasoma, akabembeleza, akakaripia. Kufikia adhuhuri dada mtu akapiga chafya na kuomba maji.

"Ametoka," mganga alisema kwa sauti ya chini, akifuta miwani yake. "Lakini nisikudanganye, mwanangu. Amerudi kwake mtini. Jini ni mpangaji. Ukimvunjia nyumba, atatafuta nyingine."

"Na nisipoukata, wadudu wataumaliza mtaa."

"Hayo ya wadudu ni ya kwako. Mimi najua ya huyu."

Mama Miti aliichana ile amri. Kwenye ripoti akaandika: mti mzima. Nani angemshuku yeye?

Mbawakawa waliruka msimu uliofuata. Katika miaka miwili majani yalikauka mti baada ya mti, na jua likaingia kwenye madirisha ambayo halikuwahi kuyafikia. Waliokuwa wakimtolea kiti kivulini sasa walimsalimu kwa kidevu. Mwalimu mstaafu ndiye aliyemsimamisha.

"Wa kumi na saba ulikuwa mzima kweli?"

"Ulikuwa mzima, mwalimu."

"Basi sisi ndio vipofu," akasema, akaenda zake.

Hakumwambia mtu, hata dada yake. Utamwambiaje mtu kwamba mtaa umekufa kwa ajili yake?

Hatimaye ikaja amri kutoka juu: yote ikatwe. Siku ya zamu ya wa kumi na saba, Mama Miti alifunga mlango kwa komeo, akaketi kando ya cherehani, akamshika dada yake kifundo cha mkono. Msumeno ulinguruma, ukanyamaza, na sakafu ikatikisika.

Akasubiri. Dada yake akatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kukosea.

"Mbona unanibana hivyo, mdogo wangu?" akacheka, kicheko chake mwenyewe. "Utanivunja."

Machozi yakamtoka Mama Miti. Akafungua kinywa amweleze yote, tangu mwanzo.

"Tumeshazoeana, mimi na huyu," kinywa chake kikasema badala yake, kwa sauti ya upole isiyokuwa yake.

Dada yake akaiweka sindano chini, polepole.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nani anaongea humo?"