Kompyuta Haikaushwi Kama Mbegu

Kwetu Mufindi ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Asubuhi shuka lina unyevu, chumvi imelowa, kiberiti kinagoma. Ndiyo maana mbegu za mahindi tunaziweka jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga. Moshi unazikausha na wadudu hawazigusi. Mama mkwe wangu, Bibi Matilda, ana msemo wake: kitu unachotaka kikae, kipe moshi.

Kwa mbegu, maneno hayo ni kweli tupu. Kwa kompyuta, nisikilizeni.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Wapo walioniambia mambo ya kompyuta niwaachie wenye vyeti. Siwaachii. Vitu vilivyotaka kupotea vilikuwa nyumbani kwangu, na wenye vitu wangekuja kulia mlangoni kwangu. Kwa hiyo naandika, na asiyetaka kusoma asisome.

Mume wangu, Sosthenes, anapiga video. Harusi, kipaimara, misiba, kwaya za Pasaka, kote anaitwa. Akimaliza kazi huwapa wenyewe kwenye flashi. Lakini flashi ni kitu kidogo. Inapotea, inavunjika, inafuliwa ndani ya suruali. Kisha watu wanarudi kwetu kuuliza kama bado tunayo ile ya harusi yao. Ndipo Sosthenes akaamua kuweka seva, azihamishie humo video zote.

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi. Kazi yake ni kutunza vitu na kuvigawa. Mtu akikaa sebuleni kwetu, simu yake inavuta video kutoka kwenye seva bila kula bando.

Aliyeipenda zaidi ni jirani yetu, Mzee Clement. Mke wake, marehemu Bertha, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mtu wa kushinda nyumba za majirani. Sosthenes alimpiga video Pasaka moja, akiimba peke yake mbele ya kanisa. Hakuna nyingine. Flashi aliyopewa mzee iliharibika zamani. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwetu, anakunywa chai, anamsikiliza mke wake, halafu anaaga. Haongei sana siku hiyo, na sisi hatumsemeshi.

Seva yenyewe ililetwa na mdogo wake Sosthenes, shemeji yangu Liberatus. Yeye yuko Mbeya, anauza vifaa vilivyotumika maofisini. Alitushushia dude la chuma, refu na bapa, zito kama jiwe la kusagia. Diski zake zilikuwa ndani tayari. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Kila unachotunza kimo humo.

Liberatus akasifu mashine yake mpaka chai ikapoa. Alisema vya zamani ndivyo vigumu, vipya vya siku hizi ni karatasi. Nikamuuliza diski zina umri gani.

Akacheka. "Shemeji, unanunua kompyuta au unaposa?"

"Hata anayeposa huuliza umri," nikamjibu.

Wanaume wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Swali langu halikujibiwa.

Mashine ikawashwa. Ilinguruma kama ya kusaga unga. Bibi Matilda hakulala. Asubuhi akasema dude litoke ndani ya nyumba, lipelekwe jikoni, kichanjani kwenye mbegu. Kule ni kukavu na ukungu haufiki. Sosthenes akaona ni shauri zuri, maana hata yeye aliuogopa unyevu. Akavuta waya mpaka jiko la nje, akaipandisha juu.

Nilikuwa na wasiwasi, lakini mimi wasiwasi ninao hata kuku akichelewa kurudi bandani. Hakuna aliyenisikiliza. Mwezi haukufika katikati, umeme wa luku ukaisha. Tukanunua tena, ukaisha tena. Dude lilikuwa linakula umeme kuliko nyumba nzima.

Siku moja nasonga ugali, nikasikia mlio kule juu. Kwa, kwa, kwa. Kama mtu anagonga kopo kwa ukucha. Unanyamaza, unaanza tena. Nikamwita Sosthenes. Akampigia simu mdogo wake. Liberatus akasema tuiache hivyohivyo, mashine ya zamani ukiizima inaweza isiamke. Na kesho yake walikuwa wanakuja watu kuchukua video ya harusi. Sosthenes akaniambia tusubiri mpaka wachukue.

"Na ya Mzee Clement?" nikamuuliza.

"Si imo humohumo."

"Basi ndiyo maana naizima."

Nikazima swichi ya ukutani. Jiko likawa kimya. Sosthenes akanitazama kama nimemchinjia ng'ombe wa watu. Akasema nimeiua. Nikamwambia kama nimeiua, nitakwenda mwenyewe kumwambia mzee, wewe hutakwenda. Nikaepua ugali.

Nikajifunga khanga, nikaenda kwa Verediana. Ni jirani wa nyumba ya pili. Anafundisha kompyuta chuo cha ufundi, na jioni anatengeneza za watu. Alikuja na bisibisi zake, akaishusha mashine, akafungua mfuniko. Masizi yakamwagika kama unga mweusi. Akapitisha kidole kwenye feni, akatuonyesha.

"Nani alikuwa anabanika samaki humu?"

Bibi Matilda hakupenda. Akasema mbegu zake zimekaa pale miaka yote na hazijawahi kufa.

"Kamwene, bibi, hujakosea," Verediana akamwamkia kikwetu, kwa upole. "Lakini mbegu imelala. Hii inapumua. Feni inavuta hewa iipoze mashine, na hewa ya humu ni moshi."

Bibi akafikiri. Akasema basi dude hilo lilikuwa linakohoa, na yeye alidhani ndivyo linavyoongea.

Verediana akaitoa ile diski inayogonga, ndiyo iliyokuwa na video zetu, akaiunganisha kwenye kompyuta yake. Akafungua programu inayosoma umri wa diski. Ipo, na ni ya bure. Ikaonyesha kwamba diski ile ilianza kuzunguka binti yetu Happy akiwa hajaanza shule. Leo Happy yuko sekondari. Akatueleza kwamba ndani ya diski ya namna hii kuna sahani inayozunguka kwa kasi mchana na usiku. Kitu kinachozunguka kinachakaa, kama beringi ya mashine ya kusaga. Mlio ule maana yake sindano ya ndani haikamati tena. Ukisikia hivyo, zima. Usiwashe na kuzima kujaribu bahati. Itafute nakala yako nyingine, na kama huna, mwite fundi.

"Sijui itanipa muda gani," akasema. "Nianze na ipi?"

Sosthenes akataja ile harusi ya watu wanaokuja kesho. Nikasema hapana. Wale maharusi wazima, wanaweza kuvaa tena wakapigwa tena. Bertha hawezi kuimba tena. Sosthenes akaniangalia, kisha akamwambia Verediana aanze na Pasaka.

Tukasimama wote tunaangalia mstari ule wa kunakili unavyojaa polepole. Bibi alikuwa ameshika rozari ya jirani, yeye Mlutheri. Pasaka ikaingia yote. Ikafuata harusi ya kesho, ikaingia. Zikaingia na nyingine kadhaa. Halafu diski ikagonga mara ya mwisho, ikanyamaza moja kwa moja.

"Ingeachwa inazunguka mpaka kesho, tusingepata hata moja," Verediana akasema. "Aliyezima ndiye aliyeokoa."

Sosthenes akanisogelea. Akanichukulia ndoo ya maji niliyokuwa nimeshika, akaibeba mwenyewe.

Nyingine zilipotea. Siwafichi. Sosthenes alizunguka nyumba za watu kuwaambia. Waliokuwa na flashi walituletea tukanakili. Wengine walitutukana, na walikuwa na haki.

Sasa mume wangu akageukia upande wa pili. Akasema mtumba basi, tuuze ndama, tununue kila kitu kipya, kuanzia kasha mpaka msumari. Hapo pia nikakataa.

"Sweta la mtumba navaa, na baridi hii silijutii," nikamwambia. "Ila mswaki wa mtumba sinunui. Tumuulize Verediana kipi ni sweta na kipi ni mswaki."

Verediana alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Kisha akapanga. Kasha ni sweta. Ubongo wa kompyuta ni sweta, kwa sababu hauna kinachozunguka na unadumu. Kumbukumbu yake, ile ramu, ni sweta pia, ila ipimwe kwanza. Diski ni mswaki, nunua mpya. Pawa saplai, yaani kile kinachogawa umeme ndani, ikiwa imechoka inaweza kuunguza vyote, kwa hiyo ipimwe, na ukiitilia shaka weka mpya. Akatuonya pia kuhusu ukubwa. Dude la ofisi kubwa ni la ofisi kubwa. Nyumbani inatosha kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, isiyopiga kelele wala kumaliza luku.

Tukapanda basi mpaka Mbeya, mimi na Sosthenes, tukaenda dukani kwa Liberatus huyohuyo. Nilichagua kompyuta ndogo. Akaanza kuifunga kwenye boksi. Nikamwambia aifungue, aiwashe, iwake mbele yetu mpaka tumalize chai, na aandike kwamba ikigoma tunairudisha.

"Shemeji, huniamini?"

"Wewe nakujua. Hiyo kompyuta siijui."

Alinung'unika, lakini aliiwasha. Ya kwanza ikajizima yenyewe kabla chai haijaisha. Akaona aibu, akaleta nyingine. Hiyo ikakaa. Diski mpya mbili tulinunua duka jingine, zikiwa zimefungwa kiwandani. Diski hizo mbili Verediana aliziunganisha ziandike kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Tulinunua na ya tatu, ya kuhamishika; hiyo inakaa nyumbani kwake, na tunaijaza kila mwezi. Moto au mwizi hawezi kwenda nyumba zote mbili siku moja.

Seva yetu sasa iko chumbani, juu ya stuli, mbali kidogo na ukuta. Hatuifuniki kitambaa, maana inapumua. Joto lake lenyewe linaifukuzia unyevu. Bibi analala. Kichanjani zimebaki mbegu tu.

Liberatus alipokuja kutusalimia aliuliza dude lake liko wapi, kama bado lina kazi. Nikampeleka nyuma ya nyumba. Tumelitoa vya ndani, na kuku wangu mwekundu ametaga humo.

"Si ulisema vya zamani ni vigumu," nikamwambia. "Kasha hilo ni gumu kweli. Mvua haipiti."

Jumapili Mzee Clement akaja baada ya ibada. Akakaa kwenye kiti chake, akavuta video, Bertha akaimba mpaka mwisho. Safari hii hakuaga. Alikuwa amesikia habari zote.

"Mama Happy," akaniuliza, "hii mpya itakaa milele?"

"Haitakaa, mzee. Kila diski hufa. Ndiyo maana sasa mke wako yuko kwenye diski tatu, na moja iko kwa Verediana."

Akatikisa kichwa, akatabasamu, akainua kikombe niongeze chai.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Hata alipokuwa hai, nyumba moja haikumtosha."