Shanga Nyekundu za Boroni

Kila alasiri, akishamaliza kuosha vyombo, Chapuchapu aliketi sebuleni kutunga shanga kwenye nyaya. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kila kazi aliimaliza kabla yao, ingawa si kila mara aliimaliza vizuri. Safari hii alikuwa akitengeneza mfano wa kipande cha silikoni, malighafi ya chipu za simu, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni.

Ramani ya kuonyesha kila atomu ikae wapi alipewa na mama yake, mtaalamu wa maabara. Mama huchonga silikoni hadi iwe sindano nyembamba kuliko unywele. Kisha mashine hung'oa atomu mojamoja kutoka nchani, na kompyuta huonyesha kila moja ilikaa wapi: juu au chini, mbele au nyuma. Shanga nyeupe zilikuwa silikoni. Nyekundu, chache mno, zilikuwa boroni, ambayo husaidia umeme kupita.

Nyeupe zilikwenda upesi. Nyekundu zilitaka utulivu, tabaka kwa tabaka, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba.

"Nani atajua?" alijisemea. Akazitunga zote upande mmoja wa mfano, akatoka mbio.

Siku ya maonyesho, mama alifika na mkuu wake wa kazi. Mzee yule akainama, akautazama mfano kwa makini, kisha akamgeukia mama.

"Dada, hii si ramani yako? Mbona boroni imejaa upande mmoja? Ripoti yako inasema imetawanyika, na kiwanda kinaitegemea."

Mama alisawijika. "Labda nimekosea mimi, mzee. Nitarudia kipimo chote."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama alikuwa anabeba lawama isiyo yake, tena mbele za watu.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Nilichoka, nikaziweka ovyo."

Mama hakumgombeza. Alitoa ramani mkobani, akamkabidhi.

Chapuchapu alizing'oa shanga nyekundu zote, akaitandaza ramani na kuanza upya huku machozi yakimdondoka. Wageni walipita, wengine wakanong'ona. Alipomaliza, mzee alilinganisha mfano na ramani, akatikisa kichwa kukubali.

Mama akachuchumaa kando yake. "Mwanangu, atomu hazionekani kwa macho. Anayesoma ramani yetu hana budi kutuamini. Ukichoka, sema umechoka. Usipojua, acha pengo. Pengo tutalijaza kesho, lakini juu ya uongo watu watajenga nyumba nzima, nayo itaporomoka."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa inua uso, uwaeleze wageni wako."