Mke wa Kapteni

Filamu ile haikuwa na sauti, lakini Mwanabaraka alimsikia mtu akikohoa ndani yake.

Akaisimamisha mashine. Kazi yake ilikuwa kusafisha filamu kuukuu katika chumba cha chini cha maktaba moja jijini London, na hii ilitengenezwa mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, zaidi ya miaka mia iliyopita. Ilimhusu mke wa kapteni aliyeiba ramani za mumewe akampa hawara yake, jasusi wa maadui, hadi manowari ikazamishwa pamoja na watu wote waliokuwamo.

"Ajay, umesikia?" alimuuliza mwenzake.

"Sikusikia kitu, dada. Hiyo ni silent."

Tangu siku hiyo alikuwa akirudi nyumbani kwao Tooting nguo zikinuka maji ya bahari yaliyooza. Mumewe, Alnashir, alikuwa mhandisi wa meli za kivita. Jumamosi moja alikuta mkobani mwa mkewe mchoro wa kazini aliokuwa ameufungia kabatini. Mingine minne haikuwepo.

"Umempa nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Wallahi sijui. Kuna mwanamume huniita 'mke wangu'. Akiniita, najikuta nimeshafika mahali na njia siikumbuki. Yalianza na ile filamu ya kazini."

Alnashir alitamani kumwamini. Kesho yake, Jumapili, alimpeleka kwa Bi Ummukulthum, mganga wa Kizanzibari anayeishi karibu na Edgware Road.

Bi Ummukulthum alifunga mapazia mchana ule, akatia ubani chetezoni, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo Mwanabaraka alivyozidi kutetemeka, vidole vikajikunja, maji machafu yakamtiririka puani hadi kwenye zulia, kisha kinywa chake kikafunguka na ndani yake akakohoa mwanamume, kikohozi kirefu cha mtu anayezama, huku macho yamemkazia Alnashir bila kupepesa.

"Huyu ni mke wangu," ilisema sauti ile. "Ameniletea nilichomtuma."

"Ana mume wake," alisema Bi Ummukulthum. "Toka."

Iliwachukua saa mbili. Mwishowe Mwanabaraka alilia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji, akalala.

"Ametoka, mwanangu," bibi alimnong'oneza Alnashir. "Ile filamu asiiguse tena."

Siku tatu walikaa kwa amani. Mwanabaraka aliacha kazi, akapika, hata akacheka. Alhamisi adhuhuri Alnashir aliitwa na afisa wa usalama kazini kwake, akawekewa mezani picha ya kamera ya stesheni ya treni. Mwanabaraka ameketi peke yake kwenye benchi, uso kauinua, anatabasamu kama bibi harusi. Mkono kaunyosha. Bahasha imeshamtoka vidoleni, iko hewani, imeshikwa na hakuna anayeishika.

"Ni mkeo?"

"Ndiye," alisema Alnashir. "Alikuwa mgonjwa. Tulimtibu Jumapili, amepona."

Afisa aliigeuza picha, akamwonyesha tarehe iliyoandikwa nyuma.

"Picha hii," alisema, "ni ya leo asubuhi."