Baba Alinifichia Ufunguo Siku ya Mtihani

"Baba, ufunguo wa gari uko wapi?"

Nikarudia.

"Baba! Ufunguo!"

Baba yangu, mzee Gerrit, alikuwa ameinama anavaa buti za kwenda kulisha nguruwe. Hata kichwa hakuinua.

"Ninao mimi," akasema. "Kula kwanza."

Jamani... Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje theluji inamwagika, mtihani wangu saa mbili kamili, chuo kiko maili kumi na nne, na mzazi wangu mwenyewe kanifichia ufunguo!

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkasema mimi, Maren, nilikuwa mtoto jeuri tu.

Mwaka ule nilikuwa namaliza sekondari. Na hapohapo nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Ndiyo, vyote viwili kwa mpigo! Kwetu Iowa, huku Marekani, wengi tunafanya hivyo, ukimaliza sekondari unakuta masomo kadhaa ya chuo umeshayavuka.

Kwenye karatasi inapendeza. Njoo kwenye maisha sasa!

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili niko chuoni nasoma mifupa na misuli. Saa tatu na nusu nakimbilia gari, maili kumi na nne kurudi, naingia hisabati nikihema. Chakula cha mchana nakula nikiwa kwenye usukani. Jioni mazoezi ya bendi, usiku mifupa tena. Zile siku sekondari wanapopika supu ya maharage na mkate wa mdalasini, shule nzima inapiga foleni kwa furaha, mimi naambulia harufu kwenye masweta ya wenzangu.

Halafu kengele ya sekondari na saa ya chuo hazijuani kabisa. Sekondari wakinibakiza nifanye mtihani wa jimbo, chuoni naandikwa mtoro. Na sekondari ikifungwa kwa sababu ya theluji, chuo hakifungwi! Mwezi wa kwanza nilipata ujumbe shule imefungwa, nikavuta blanketi nikalala fofofo. Kumbe wenzangu wako darasani.

Nikawa nimekosa mara mbili. Profesa Lindqvist, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, akaniita.

"Maren, hapa hatupokei barua ya mzazi wala ya mwalimu mkuu. Ukikosa mara ya tatu, umefeli."

"Lakini Profesa, shule yangu ndiyo..."

"Mimi siyo shule yako."

Na kufeli chuoni hakufutiki, kunakufuata hadi uzeeni. Mimi shida yangu ilikuwa moja tu: uuguzi. Nafasi ishirini na nne, waombaji zaidi ya mia, na bila barua ya Profesa Lindqvist fomu yako haisomwi. Alishaniahidi. Fanya vizuri mtihani wa vitendo, barua unaondoka nayo siku hiyohiyo.

Siku yenyewe ndiyo hii!

Asubuhi ile sekondari walishatuma ujumbe: tunafungua saa nne. Chuo? Hata neno.

Baba akafungua mlango akaenda zake kwa nguruwe.

Nilipekua nyumba nzima. Misumari ya ukutani, makoti, juu ya friji, hakuna! Machozi yakaanza kunitoka. Baba hakuwahi kuniuliza habari za chuo hata siku moja. Nikimwambia nimepata A, anajibu "haya," anaendelea kutafuna. Nikajiambia huyu mzee anataka nibaki hapa hapa nizeeke na nguruwe wake.

Saa moja kasoro kumi. Nikachungulia dirishani.

Trekta!

Lile la zamani, la kijani, lisilo na kibanda. Ufunguo wake huwa haung'olewi hata siku moja. Nikajisemea potelea mbali! Nikavaa makoti mawili, nikajizungushia skafu uso mzima, nikabaki macho tu. Nikaliwasha.

Wapendwa, msijaribu. Baridi ile haipigi ngozi, inaingia hadi kwenye meno. Barabara siioni, nafuata nguzo za umeme. Nikawa nahesabu mifupa ya mkono kwa sauti nisije nikalala. Maili tano. Maili saba.

Maili ya tisa, nikaona taa zinawakawaka upande wa kulia.

Gari. Limelala kwenye mtaro, pua imezama kwenye theluji. Mlango wa dereva umekwama, dirisha limefunguliwa kidogo, na mkono umetokeza unapunga.

Glavu nyekundu.

Sikilizeni, kwetu hili halina mjadala. Ukikuta gari mtaroni, unasimama. Hata kama mwenye gari ni adui yako mliyegombana kanisani, unasimama! Mnyororo wa kuvutia gari ulikuwa nyuma ya kiti changu.

Nikatazama saa. Saa moja na nusu.

Kumtoa ni dakika ishirini, labda thelathini. Ikifika saa mbili na dakika moja, mlango umefungwa, nimefeli, uuguzi kwaheri.

Nikasema, atapita mwingine.

Nikalipita.

Ule mkono ukaacha kupunga. Niliuona. Mpaka leo nauona.

Nilifika saa mbili kasoro dakika nne. Trekta nikalificha nyuma ya jengo la mazoezi, nisichekwe. Nikaingia maabara natetemeka mpaka kalamu haishikiki.

Brody, kijana tuliyekuwa tunakaa meza moja, akanusa hewa.

"Wee Maren! Umeoga dizeli?"

"Niache."

"Mwanadada wa shamba, hata kwenye dhoruba humkosi!"

Watu wakacheka. Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo. Profesa hakuna.

Saa mbili na nusu. Hakuna!

Saa tatu kasoro kumi mlango ukafunguka. Profesa Lindqvist akaingia, nywele zimeshikamana na barafu, midomo ya bluu. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

Glavu nyekundu.

Nyuma yake aliingia mtu mwingine, mrefu, kofia mkononi, theluji imejaa mabegani.

Baba!

"Samahani kwa kuchelewa," Profesa akasema. "Nilikuwa mtaroni karibu saa nzima. Simu ilizima. Huyu bwana ndiye aliyenivuta." Akaziweka glavu mezani. "Kabla yake lilipita trekta. Dereva aliniona. Hakusimama."

Brody akageuza shingo polepole, akaniangalia. Baba naye akaniangalia. Yeye alikuwa amefuata alama za magurudumu ya trekta lake tangu getini mwetu, na zilipita palepale kwenye lile gari.

Alitembea mpaka mezani kwangu, akaweka vitu viwili. Kadi zangu za mifupa, na mkate uliofungwa kwenye karatasi.

"Uliviacha," akasema kwa sauti ya chini. "Gari lako matairi yameisha. Nilikuwa namalizia nguruwe nikulete na la kwangu."

Jamani! Kumbe ufunguo hakuuficha ili nisije. Aliuficha ili anilete! Na mimi sikuweza kukaa dakika kumi nile mkate.

Akatoka. Mtihani ukaanza. Nilijua kila mfupa, kila msuli. Mikono inaandika, machozi yanadondokea karatasi. Brody hakunichoma. Baba hakunichoma. Ningenyamaza tu, yangeisha.

Nilibaki mpaka wa mwisho akatoka.

"Profesa... lile trekta..."

Alikuwa anasahihisha. Akaweka kalamu chini.

"Nilikuwa mimi."

Alinitazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha nyeupe. Jina langu limeandikwa juu.

"Niliiandika jana," akasema. "Nilishasaini. Niliandika kwamba huyu binti ni wa kuaminiwa na mgonjwa."

"Profesa, nakuomba... nilikuwa nawahi mtihani wako! Ulisema mara ya tatu..."

"Nilisema, ndiyo. Na nimelifikiria hilo kule mtaroni, ukali wangu nao una sehemu yake." Sauti yake ikalainika, lakini mkono haukulainika. Akairudisha bahasha mkobani. "Mtihani umepata tisini na sita. Hizo ni zako. Barua siwezi."

Nilitoka pale. Nafasi imekwenda. Siku zote zile za kula kwenye usukani, mkate wa mdalasini wote ule, vyote nimevitupa mtaroni.

Baba alikuwa amesimama kando ya trekta.

"Nimemwambia, Baba," nikasema huku nalia. "Hanipi barua."

"Haya," akasema. Akanipa ufunguo wa gari lake, lenye joto, kisha yeye mwenyewe akapanda trekta.

"Baba, baridi! Acha niendeshe mimi!"

"Kula kwanza," akasema.

Nikamfuata nyuma maili zote kumi na nne, kwa mwendo wa trekta, nimewasha taa za tahadhari, nautafuna mkate wake. Sekondari nilifika kipindi cha mwisho. Wakaniandika mtoro.

Wapendwa, mwaka ule sikuingia uuguzi. Niliomba tena mwaka uliofuata, na Profesa Lindqvist aliniandikia barua mpya. Hakuniambia ameandika nini. Mwalimu mmoja wa uuguzi ndiye aliyenisomea, ilikuwa sentensi mbili tu: "Alinipita nikiwa mtaroni. Alirudi akasema ni yeye, wakati hakuna aliyemlazimisha."

Nyie mnaokimbizana na ratiba mbili, tatu, someni, sikatazi. Ila ukimwona mtu anakupungia mkono, simama. Na mzazi akikuambia kula kwanza, kaa chini ule.